Anzeni na mishale, formula itakuja nyuma

Mtoto wa dada yangu jana mangaribi akaniletea zoezi la fizike, akasema mjomba formula nazijua zote lakini jibu linakataa. Nikafungua daftari: namba tupu, hakuna hata mshale moja wa kuonyesha nguvu inaelekea wapi. Na siyo yeye peke yake, batoto wengi ninaowasaidia hapa Goma wanajua P (uzito) ni m (masi, kwa kilo) mara g (mvuto wa dunia kwa kila kilo) kama mtu anavyojua namba ya simu, ukiwauliza hiyo P inavuta kuelekea wapi wananyamaza.

Nikamwambia acha kwanza kalkuleta, fikiria chukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, inatoka Kibumba na makala ya kupikia na viazi, tuseme kilo 200 zote pamoja, iko inashuka mteremko wa digrii 10. Dunia inaivuta na nyutoni 1960 (nyutoni njo kipimo cha nguvu), na mshale wake unaenda chini wima, wima kabisa, haufuati barabara, hapo njo wengi wanakosea. Sasa ugawanye: kipande kimoja kinakandamiza barabara, karibu 1930, kingine kinafuata mteremko, karibu 340. Hiyo 340 njo mwenye chukudu anapigana nayo akikanyaga kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, na njo ileile itamkata pumzi siku akipanda na mzigo. Mtoto akajumlisha, akapata 2270, akaniangalia. Sasa mishale haijumlishwi kama franka! Inaunganishwa, kichwa cha huu kwa mkia wa ule, na ukichora vizuri unaangukia 1960 yako.

Kwa maoni yangu wiki mbili za kwanza za mekanike zingekuwa za kuchora tu, bila formula hata moja, na badala ya kile kisanduku cha kwenye kitabu chenye hakuna mtu amewahi kukiona, prof achore chukudu, kila mtoto wa hapa anaijua.

Masi (wingi wa kitu chenyewe) na uzito (nguvu inayokivuta) nayo inasumbua, juu sokoni mizani inasema kilo na sisi wote tunasema uzito. Sokoni haina shida. Lakini gunia la kilo 50 hapa linavutwa na nyutoni 490, mwezini ingekuwa 80 hivi, na makala ndani haijapungua hata kipande.

Halafu nikamwambia kitu Newton aliandika 1687, kwamba kila kitu kinavuta kingine, hata wanafunzi wawili wa kilo 60 wakiwa mita moja, ila ni nyutoni 0,00000024, hauwezi kuisikia. Akafikiri kidogo. Akauliza, mjomba, basi na chukudu inavuta dunia? Nikasema ndiyo, na 1960 ileile. Akachukua kalamu, akachora mshale mwingine unaanzia katikati ya dunia unapanda kuelekea chukudu, mimi sikumwambia achore.