Gliserini ndani ya zeolaiti: kompyuta tuiamini hadi wapi?

Ukisahau karai la mafuta jikoni mpaka yapitilize moto, macho hujua kabla ya pua: moshi unawasha, machozi yanatoka. Sehemu kubwa ya ukali ule ni akrolini, yaani gliserini ya kwenye mafuta iliyopoteza molekuli mbili za maji. Viwandani mmenyuko huohuo unatafutwa kwa hamu. Kila kilo 100 za biodizeli huacha takriban kilo 10 za gliserini, na akrolini ndiyo malighafi ya methionini inayochanganywa kwenye chakula cha kuku. Kwa sasa akrolini hiyo hutoka zaidi kwenye propilini ya petroli.

Kichocheo kinachopewa kazi hiyo mara nyingi ni zeolaiti, madini ya silikoni, alumini na oksijeni yaliyojaa vitundu vidogo mno. Aina ya ZSM-5 ina vitundu vyenye upana wa nanomita 0.55 hivi, gliserini hupita humo kwa kubanana. Ndani inakutana na protoni za tindikali. Gliserini ina vikundi vitatu vya OH (oksijeni na hidrojeni). Protoni ikishika OH ya katikati, njia inaelekea kwenye akrolini. Ikishika ya pembeni, inapatikana asetoli, kemikali nyingine. Maabara huona kilichoingia na kilichotoka. Kilichotokea mle katikati, kufumba na kufumbua, ndicho kompyuta inachokokotoa, kwa nadharia ya msongamano wa elektroni iliyompa Walter Kohn Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Na kompyuta imefanya kazi ya maana. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2006 zilionesha kwamba gliserini pekee yake inahitaji zaidi ya kilokalori 60 kwa moli kuachia maji, lakini ikishapewa protoni kizingiti hicho cha nishati kinashuka hadi 20 au 25. Hapo unaelewa kwa nini tindikali ni ya lazima.

Wenye mashaka nao wana hoja nzito. Kwenye nyuzi 300 za Selsiasi, kosa la kilokalori 2.6 tu kwa moli kwenye kizingiti hubadilisha kasi ya mmenyuko mara 10. Isitoshe, wengi hukata kipande kidogo cha zeolaiti ili hesabu iishe mapema, ilhali seli moja ya ZSM-5, yaani kipande kinachojirudia kwenye fuwele yake, ina silikoni 96 na oksijeni 192. Ukikata kuta, umeondoa kile kinachoibana molekuli. Na masizi je? Zeolaiti halisi huziba kwa kaboni, wakati mwingine ndani ya saa chache. Molekuli moja kwenye kitundu safi haiwezi kutuambia hilo.

Mimi naamini kompyuta inapolinganisha njia mbili ndani ya zeolaiti ileile, kwa sababu makosa mengi hufutana. Inapotangaza kichocheo bora kwa kutazama kizingiti peke yake, siiamini. Jambo hili linatugusa: programu ya hesabu hizi kama Quantum ESPRESSO ni ya bure, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kufanya utafiti wa kweli bila mtambo. Nisingependa aambiwe aache. Ningependa idara impatie pia bomba la kwazi, tanuri dogo na mizani, apime masizi kwenye zeolaiti aliyoikokotoa mwenyewe.