Miwani ya VR Haitafika Kila Nyumba, na Si Lazima Ifike

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kwetu Umoja, Nairobi, na hedseti ya Quest 3 ndani ya begi. Ni miwani ya uhalisia pepe (VR) ya kampuni ya Meta: ukiivaa, unaona ulimwengu wa kompyuta ukikuzunguka. Aliazimwa na mwenzake wa kazini na alitakiwa kuirudisha kesho yake. Tulikuwa watu tisa sebuleni, chai na mandazi mezani, na mama alikuwa ametoka Machakos kutujulia hali. Kila mtu alitaka kujaribu, lakini kwa heshima ya umri tukampisha mama aanze.

Kumvika tu kulituchukua dakika kumi. Kilemba kilizuia mkanda, na kukivua mbele ya wageni hakutaka. Tukaulegeza mkanda, uzito wote ukamwangukia puani. Quest 3 ina gramu 515, yaani kama kumfunga mtu pakiti ya nusu kilo ya sukari usoni. Wasichana wenye rasta na waliosuka nywele kubwa walipata taabu hiyohiyo baadaye. Aliyeunda mkanda ule hakuwa na vichwa vyetu akilini. Hata hivyo mama aliona bahari, akacheka, akanyoosha mkono kumshika samaki. Sisi wengine tulibaki kumtazama mtu anayetazama tusichokiona. Baada ya dakika tatu akauliza, "Bado mpo?" Akaivua na kuomba chai yake.

Dada yangu, ambaye hupanda basi la Kisumu kila mwezi bila shida yoyote, alishikwa na kichefuchefu. Macho huuambia ubongo kwamba mwili unakwenda, huku sikio la ndani likisisitiza kwamba umekaa kitako. Ubongo ukipewa habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo hulipa. Skrini za kisasa zimepunguza tatizo hilo, ila hazijalimaliza.

Tangu siku hiyo mpwa wangu ananiuliza kama vifaa hivi siku moja vitaenea kama simu. Namjibu hapana, na simjibu hivyo kwa kuuchukia uhalisia pepe.

Ahadi hii ni ya zamani. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kizito kiasi kwamba kilibidi kiungwe na dari. Mwaka 1995 Nintendo, kampuni ya michezo ya video, ilitoa kifaa chake cha Virtual Boy, na mwaka uliofuata ikaachana nayo. Mwaka 2012 vijana wa Oculus, kampuni ya kutengeneza hedseti, walichangiwa na umma zaidi ya dola milioni 2.4; miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kampuni yao kwa takriban dola bilioni 2. Facebook ikabadilisha hata jina, ikawa Meta, na mwaka 2024 peke yake idara yake ya kazi hii ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17. Mwaka huohuo Apple ilileta hedseti yake, Vision Pro, kwa dola 3,499. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya shilingi 450,000 kabla ya ushuru, na betri yake huning'inia kwa waya na kudumu kama saa mbili. Kampuni hizi hazikukosa pesa wala akili.

Wapo wanaosema tungoje bei ishuke. Imeshashuka: Quest 3S ya Meta ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, kama shilingi 38,000. Na Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu kidogo kidogo, ilishatuonyesha jinsi mtu asiye na mkupuo anavyoweza kumiliki simu ya kisasa. Lakini simu hujilipia yenyewe. Mwenye boda hupata mteja kwayo, mama mboga hupokea malipo ya M-Pesa kwayo, na ikilazimu fundi huazima shilingi 500 kwayo saa nne usiku mtoto akiugua. Hedseti haikuletei mteja. Huwezi pia kuivaa ndani ya matatu kwenye barabara ya Jogoo, ambako hata simu tunaishika kwa mikono miwili dirisha likiwa wazi.

Halafu kuna nafasi. Ili utembee ndani ya mchezo, Meta inapendekeza eneo wazi la mita mbili kwa mbili. Nenda mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Ukitoa kitanda, meko, ndoo za maji na viatu vya watoto, niambie mita hizo mbili zimebaki wapi. Na tuseme zimebaki. Ndani ya chumba hicho televisheni moja inatazamwa na watu watano, wanabishana, wanacheka pamoja. Hedseti inamchukua mmoja na kuwaacha wanne. Mama alipouliza kama bado tupo, aliligusa jambo ambalo teknolojia nzuri zaidi haitaliondoa, kwa kuwa kazi yenyewe ya kifaa ni kumfunga mtu macho asiwaone walio karibu naye.

Lakini hapa Nairobi tuna njia nyingine ya kufaidi mashine. Mashine ya kusaga unga haipo kila nyumba, na ugali unaliwa kila nyumba. Barua pepe yangu ya kwanza niliiandika nikiwa saiba, duka la intaneti, nikilipa kwa dakika. Watoto wa mtaani kwetu wanaujua mpira wa pleisteshen kuliko mimi, na wengi hawajawahi kuwa nayo kwao, wanalipa kibandani. Hedseti inaweza kuishi vivyo hivyo, mahali pamoja, kwa kazi maalumu. Mwaka 2018 kampuni ya maduka ya Walmart ilitangaza kusambaza hedseti 17,000 kufundishia wafanyakazi wake Marekani. Hakuna aliyetakiwa kwenda nayo nyumbani.

Kazi moja ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 2018 binti yangu, akiwa na miaka minne, alimwagikiwa uji moto mkononi na kifuani. Aliyewahi kumshika mtoto wakati bandeji ya kidonda cha moto inabadilishwa anajua sauti ile. Dawa alipewa, wauguzi walikuwa wapole, na bado alilia mpaka sauti ikakauka. Miaka baadaye nilisoma kuhusu Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, ambao tangu miaka ya 1990 wamewavika watu walioungua hedseti wakati wa kusafishwa vidonda. Mgonjwa hujikuta kwenye bonde la theluji, akirusha matonge ya theluji. Dawa ya maumivu inabaki palepale, ila akili iliyozama kwenye theluji ina nafasi ndogo ya kuhisi maumivu. Wagonjwa wengi walisema maumivu yalipungua. Kufungwa macho, kulikotutenga na mama sebuleni, hapo ndiko kunakohitajika.

Nilipolisoma hilo nililia. Sikujua kwamba ingewezekana.

Chama chetu kina akina baba kumi na wawili, na kila mmoja huchanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Michango ya miezi miwili inatosha hedseti moja, ushuru na vitambaa vya kuipangusia. Nimeshamuuliza daktari wa watoto ninayemfahamu ni masharti gani yanahitajika ili itumiwe na watoto walioungua, na ameniandikia ukurasa mzima. Mkutano ni Jumamosi hii. Binti yangu amesema atakuja nami kueleza.