Draivu Z kwa klaudi: tumaunti ama tuachane nayo?

Ofisi nyingi hapa Nairobi, iwe Upper Hill ama Industrial Area, ziko na ile folda ya wote, draivu Z, imekaa kwa seva ya zamani, na siku hizi bosi anataka hiyo seva itoke, mafaili yaende klaudi, lakini Z ibaki vile vile. Hapo watu wa IT wanagawanyika mara mbili. Kuna wanaosema maunti Azure Files, stoo ya mafaili ya klaudi ya Microsoft, kwa kila laptopu, yaani uiunganishe ionekane kama draivu ya hapo hapo, na kazi iendelee, na kuna wanaosema kumaunti kitu iko Johannesburg, kwa mashine za Microsoft, ukiwa Ngong Road ni kujitafutia shida, bora mafaili yasinki tu (yajinakili na kujisasisha yenyewe) kupitia HTTPS, njia ileile ya tovuti, kila mtu abaki na kopi yake.

Wa kwanza si wajinga. Programu ya uhasibu ya kitambo inajua Z peke yake, huwezi kuiambia kitu ingine. Halafu maunti inafunga faili, mmoja akiifungua kuandika mwingine anangoja, lakini ukisinki unapata kopi mbili za bajeti moja na hakuna anayejua ya ukweli ni gani.

Shida inaanza siku ya kuunganisha. SMB, ile lugha ambayo Windows hutumia kufikia mafaili ya mashine ingine, inapita poti 445 (poti ni kama mlango wa mtandao), na kampuni nyingi za intaneti zimeifunga, maana virusi kama WannaCry ya Mei 2017 vilisambaa kupitia SMB. Sasa Windows inakuletea era 53, Linux inakuletea 115, na mtu anakimbilia kubadilisha pasiwadi! Pasiwadi haijafika popote bana. Ni kama kubadilisha kufuli ya nyumba na askari wa geti bado hajakuruhusu kuingia kwa ploti. Pima kama poti inafika kwanza, ikikataa jaribu kwa hotspoti ya simu, ikikubali huko basi maneno ni ya intaneti ya ofisi. Era 5 ama 13 ndiyo hadithi ingine, hapo umefika ukakataliwa, kwa hivyo angalia kii (ile pasiwadi ndefu ya stoo), ruhusa, na toleo la SMB, kwa sababu Azure kwa kawaida inadai mawasiliano yafichwe (encryption) na hiyo ilianza na SMB 3.0. Mashine ya zamani yenye 2.1 haitaingia hata ulie.

"Si tuweke VPN?" Sawa, VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ndani, inamaliza shida ya 445, lakini inaleta ya DNS, ile inayogeuza jina kuwa anwani. Laptopu iko ndani ya VPN vizuri, ikiuliza jina la stoo inapewa anwani ya nje badala ya ile ya ndani, inapitia barabara ileile iliyofungwa, na watu wanalaumu VPN siku nzima. Angalia jina linajibu anwani gani kabla hujagusa kitu ingine.

Sasa tuseme imekubali. Bado kuna umbali, na hapa ndiyo mimi naegemea upande wa pili. SMB inaongea sana, kufungua folda moja ni maswali na majibu mengi, kila swali liende Johannesburg lirudi, na kununua Mbps zaidi hakupunguzi hiyo safari. Mei 2024 keble za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kubembeleza. Siku kama hiyo mwenye kopi iliyosinki anaandika tu, mwenye Z anatazama dirisha limeganda.

Ndani ya klaudi ni tofauti kabisa. Mashine na stoo zikiwa sehemu moja maunti iko sawa, tena NFS, njia ya kushiriki mafaili inayotumika sana na Linux, imetengenezewa mazingira kama hayo: fungua poti 2049 kwa fayawoli ya hapo ndani, na kwa fstab, faili ya Linux inayoorodhesha draivu za kumaunti ikiwaka, uweke _netdev na nofail, la sivyo stoo ikikosa kujibu mashine inaweza kukwama ikiwaka.

Azure File Sync, ya kusinki Azure Files na seva ya ofisi, ingeweza kupatanisha pande zote, ila inataka seva ya Windows ibaki ofisini, na bosi ndiye hataki kuiona. Kwa hivyo ningepeleka programu ya uhasibu yenyewe klaudi, imaunti stoo huko huko, mhasibu aingie kwa skrini ya mbali. Mafaili ya Word na picha yasinki. Ila zile data za uhasibu zinazoandikwa na watu watatu kwa wakati mmoja usithubutu kuzisinki, zitaharibika, na bakapu yako itakuwa imebeba uharibifu huohuo.