Kabla ya kufunga bei ya dola, angalia nani umeshakubaliana naye bei

Mwenye duka la vipuri Kisumu anayeagiza mali kwa dola, ambaye hakuwa na kinga yoyote (mpango wa kujilinda bei ya dola ikibadilika) mwaka 2023, aliumia: dola ilianza mwaka ikiwa kama shilingi 123 na kufikia Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Aliyeshtuka akafunga bei mapema Februari 2024, yaani akakubaliana na benki bei ya dola atakazonunua baadaye, aliumia pia. Mwezi huo serikali iliuza yurobondi mpya (hati ya deni la fedha za kigeni) ili kulipa sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikapoa, na mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 131. Tangu hapo wengi husema kinga ni kamari. Sikubaliani nao, ingawa hasara yao naielewa.

Chukua ankara ya dola 200,000 inayolipwa baada ya miezi 3, bei ya leo ikiwa 160. Benki inapokupa forwadi, yaani mkataba wa kufunga bei leo kwa dola za baadaye, haibashiri lolote, inapima tofauti ya riba tu. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 16 kwa mwaka, na ya dola 5.5. Kwa robo mwaka ni 160 mara 1.04, gawanya kwa 1.01375: shilingi 164.14, kabla ya faida ya benki. Ankara nzima ni shilingi 32,828,000. Kwa bei ya 131 ingekuwa 26,200,000.

Je, hizo milioni 6.6 zimepotea? Kama vipuri vilikuwa vya zabuni ambayo bei yake ilikwisha kuandikwa, hapana. Faida iliyopangwa imebaki palepale. Lakini kama vinauzwa rejareja, jirani aliyenunua dola kwa 131 atashusha bei, na mali yako itakaa rafuni. Bei ya rejareja huifuata dola yenyewe, kwa hiyo hapo kufunga zote ni kujiongezea hatari. Opsheni, yaani haki ya kununua dola kwa bei iliyopangwa bila kulazimika, hukuruhusu kujitoa, ila ada yake hulipwa mwanzoni, na hupanda wakati uleule kila mtu anapoitaka.

Kwa mkulima wa waridi Naivasha hesabu ni kinyume. Tofauti ileile ya riba inayomgharimu muagizaji humpa yeye bei ya mbele iliyo juu kuliko ya leo. Tatizo lake ni kwamba mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, humlipa yuro, ndege humtoza dola, na vibarua wanataka shilingi. Akiuza yuro zote mbele kwa shilingi, nauli inabaki wazi. Atenge kwanza yuro za kununulia dola za nauli, kisha afunge kama nusu ya mavuno anayotarajia. Ukungu wa majani ukiharibu maua, benki bado itadai yuro ilizoahidiwa, naye atazinunua sokoni kwa bei yoyote atakayoikuta.

Mkopo wa dola wenye riba ya kupanda na kushuka una dawa yake, swopu, yaani mkataba wa kubadilishana riba na benki: unalipa riba isiyobadilika, unapokea ile ya soko. Kiasi cha swopu kipungue sambamba na mkopo, tarehe zilingane. Ukimaliza mkopo mapema swopu haifi nao. Kuivunja kuna gharama. Na kwa kiwanda kinachouza kwa shilingi, swopu ya riba haigusi hatari ya dola kabisa.

Jambo moja husahaulika: forwadi hukatwa kwenye kikomo chako cha mkopo benki. Uliza ni asilimia ngapi itashikwa kabla ya kusaini, maana inaweza kuwa ndiyo ovadrafti uliyotegemea kujaza duka mwezi wa Novemba.