Twining na TANU: Upole, au Mikono Iliyofungwa?

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba tunasikia tena kwamba Tanganyika ilipata uhuru bila kumwaga damu. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kwa jirani zetu Kenya, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa amri za mahakama katika vita vya Mau Mau, na hakuna anayeweza kudai kwamba sisi tulipitia moto ule. Ninachokipinga ni sifa inayoambatanishwa na kauli hiyo siku hizi: kwamba utulivu ule tulitunukiwa na Gavana Edward Twining, aliyetawala kuanzia 1949 hadi 1958, mtu aliyevutana na TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru, lakini hakuwa na moyo wa kuikandamiza.

Wanaomtetea wana hoja za kusikilizwa. Twining hakuipiga marufuku TANU nchi nzima, wala hakumweka kizuizini kiongozi wake. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York akahutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akarudi nyumbani salama, wakati Kenyatta akiwa kifungoni Lokitaung. Mwaka huohuo wa 1955 Waafrika walipata viti 10 katika Baraza la Kutunga Sheria, baraza ambalo hadi 1945 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1957 gavana mwenyewe aliwateua Nyerere na Rashidi Kawawa kuingia humo. Huwezi kuyasoma haya ukamweka Twining kapu moja na gavana mwenzake Evelyn Baring wa Kenya, na wanaofanya hivyo wanawakosea wale walioteswa kwenye kambi za Baring.

Watetezi wake wana hoja nyingine ambayo sisi hatupendi kuisikia. Mabwana shamba wa kikoloni hawakuota tu kwamba udongo unaharibika. Mmomonyoko ulikuwapo Usukumani, ulikuwapo Uluguru, na serikali yoyote ingelazimika kufanya jambo. TANU ilipata wanachama wengi vijijini kwa kusimama na watu waliokataa amri za kilimo na mifugo, na machifu waliotakiwa kuzisimamia amri hizo walijikuta hawasikilizwi na mtu. Kwa gavana, anasema mtetezi, hali hiyo ilikuwa ni kuvunjika kwa utawala, na kiongozi gani angekaa kimya?

Nikubali hoja hiyo, kisha nikuombe tuitazame Uluguru, milima ya Morogoro, kwa karibu. Serikali iliamuru wakulima wa milimani wachimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia kina mama. Isitoshe, udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuleta juu ule usio na kitu. Mkulima akaona kwa macho yake mavuno yakipungua katika shamba lililotengenezwa kwa amri, huku la jirani aliyekaidi likizaa. Aliyekataa alitozwa faini. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango wenyewe ukaachwa. Amri iliyokuwa ya lazima kiasi cha kupigwa watu risasi ikaonekana inaweza kufutwa, na TANU ikaingia Uluguru ikapokelewa vizuri. Tunaposema uhuru ulikuja bila damu, mtu wa Matombo tunamsahau.

Hata hivyo, silaha kuu ya Twining ilikuwa sheria wala si bunduki. Mwaka 1953 watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Kwenye karatasi lilikuwa katazo la kawaida la utumishi. Lakini fikiria wasomi wa Kiafrika wakati huo walikuwa kina nani: makarani, walimu wa shule za serikali, waganga wasaidizi. Chama cha TAA, kilichoitangulia TANU na kilichokuwa na matawi nchi nzima, kiliendeshwa na watu hao hao. Kwa waraka mmoja chama kiliondolewa watu waliojua kuandika kumbukumbu za mkutano na barua za malalamiko. Nyerere alipona kwa sababu alifundisha Pugu, shule ya Wakatoliki, na hata yeye ilimbidi mwaka 1955 achague kati ya chaki na siasa.

Kisha ikaja sheria ya kusajili jumuiya ya mwaka 1954, mwaka ambao TANU ilizaliwa, tarehe 7 Julai. Sheria hiyo ilitaka chama kisajiliwe, na kila tawi lisajiliwe pia. Serikali ikiona tawi laweza kuhatarisha amani, inakataa. Hakuna haja ya kuthibitisha kosa. Kwa mkato huo TANU ilizuiwa Usukumani, eneo lenye watu wengi na pamba nyingi, tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Miaka yote hiyo chama kilikuwa halali Dar es Salaam na haramu Mwanza. Watu wakageukia vyama vya ushirika vya pamba alivyovijenga Paul Bomani, na palipouzwa pamba siasa ikasemwa kwa sauti ya chini.

Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha Bwana DC, mkuu wa wilaya. Mapema mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alikatazwa kuhutubia hadharani kwa miezi kadhaa. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa uchochezi, na Nyerere akashtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, jarida la chama. Alihukumiwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, akalipa. Lililo muhimu kwangu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayoonekana kama ukatili ukiitazama peke yake. Nguvu yake ni kwamba zilikuja pamoja na zilimwangukia mtu mdogo kuliko zilivyomwangukia Nyerere. Katibu wa tawi huko wilayani hakuwa na wakili wa kutoka London.

Gavana alikwenda mbali zaidi akawa na chama chake. UTP (United Tanganyika Party) ilianzishwa Februari 1956 kwa kutiwa moyo naye, ikihubiri usawa wa viti kwa kila rangi. Maneno ya ushirikiano wa rangi zote yalisikika vizuri, na naamini Twining aliyasema kwa dhati. Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama 20,000, Waasia na Waarabu kama 100,000, na mgawo ulikuwa kumi kwa kumi kwa kumi. Uchaguzi ulipoandaliwa, kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwenye elimu, kipato au wadhifa wa kiwango fulani. Walioandikishwa hawakuzidi sana 60,000. TANU nusura ipasuke kwa jambo hilo katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, na Zuberi Mtemvu, aliyepinga kushiriki uchaguzi huo, akajitoa. Walioamua kuingia katika kura tatu walifagia, na UTP ikafa. Hapo ndipo ninapomlaumu Twining zaidi kuliko kwenye vibali: mwamuzi wa mchezo alivaa jezi ya timu moja.

Kwa nini basi hakutumia nguvu zaidi? Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja mwaka 1954 ulipendekeza nchi ijitawale ndani ya miaka 20 hadi 25. Serikali ililipinga pendekezo hilo vikali. Kabla ya hapo, Wameru waliofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 kuwapisha walowezi walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, na aibu ile haikusahaulika. Hatukuwa na walowezi wengi wa kudai damu. Nyerere naye aliwazuia wafuasi wake wasirushe hata jiwe, akiwanyima watawala kisingizio walichokihitaji.

Anayependa kujua upole wa Twining ulipokomea aangalie Jimbo la Kaskazini. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya, Oktoba 1952, serikali yake iliwasaka Wakikuyu walioishi huko, wengi wao watu wa mashambani wasio na kesi yoyote. Wako waliorudishwa Kenya kwa nguvu na wako waliowekwa kizuizini. Gavana ni yuleyule, miaka ni ileile. Hao hawakuwa na msemaji New York, na mkono wa serikali ulikuwa mzito.

Aliondoka Juni 1958. Mwezi uliofuata watu wa Geita walitembea kwa maelfu hadi Mwanza kupinga baraza la rangi mchanganyiko walilopachikwa enzi zake, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na baraza lenyewe halikudumu. Gavana aliyemrithi, Richard Turnbull, aliyetoka Kenya akiwa ameshaona hali ya hatari inavyokwenda, alitangaza Oktoba kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi serikalini. Lililokuwa haliwezekani kwa miaka tisa likawezekana kwa miezi minne. Kama TANU ingekuwa hatari kama Twining alivyoiona, nchi ingewaka. Haikuwaka.

Anayesema afadhali sheria kuliko risasi nakubaliana naye kwa hilo moja, kwa sababu aliyekatazwa kuhutubia bado yu hai. Lakini risasi za Matombo zilikoma siku ileile, na sheria ya jumuiya ya 1954 haikukoma. Imefanyiwa marekebisho, lakini imo mpaka leo katika sheria za Tanzania, Sura ya 337. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika huru lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Na Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa akibishana na serikali ya TANU, alihamishiwa Sumbawanga kwa kutumia sheria ya wakoloni ya kuwahamisha wakorofi, iliyokuwa bado kwenye kabati.