Maneno ya dola 220

Jamani, nilidhani kwenda kusoma masta Marekani kunataka akili na pasi ya kusafiria. Kumbe kunataka maneno ambayo hata wenyewe wakigombana hawayatumii.

Chuo ninachoomba kinataka kwanza mtihani unaitwa GRE. Ada dola 220. Ukizigeuza kwa pesa zetu za madafu, zaidi ya laki tano zimekwenda, na hapo hujala. Alama za sehemu ya msamiati zinaanzia 130, zinaishia 170. Mke wangu kaniuliza, "Kama unaanza na 130 mkononi, unahangaikia nini?" Nikakosa jibu.

Basi nimebandika vikaratasi chumba kizima. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ukifungua dirisha, msamiati wote uko kwa jirani. Jana mtoto wao karudisha "enervate" imepakwa mlenda. Na hilo neno ndilo adui yangu. Ukilitazama unaona enaji kabisa, kumbe maana yake ni kumdhoofisha mtu! Nililitumia kusifia hotuba ya bosi, bahati mbaya bosi naye ana kamusi. Tangu siku hiyo safari za kikazi nazisikia kwa wenzangu.

Halafu kuna maswali ya kuchagua maneno mawili kati ya sita. Ukipata moja ukakosa moja, huna kitu. Hata muuza zabibu wa Majengo anakuonjesha!

Ila kinachoniuma ni huyu mke. Hasomi, anakaanga karanga zake za biashara huku mimi nakariri, na kila neno analitafutia mwenyewe. "Garrulous", mtu wa maneno mengi: "Mama mwenye nyumba huyo." "Laconic", wa maneno machache: "Fundi bomba. Unamuuliza maji yatatoka lini, anakwambia 'yatatoka'." "Obsequious", anayejipendekeza: "Wewe, bosi akipiga simu." Haya, nikameza. Miezi mitatu nasota, yeye keshamaliza mtaa wetu wa Nkuhungu mzima.

Juzi usiku nikafika kwenye "parsimonious", bahili. Nikasubiri amtaje mtu. Kimya, anageuza karanga tu. Nikafurahi, angalau moja limempita.

Asubuhi nafunga kamba za viatu, akaja. "Baba Neema, acha elfu kumi ya maji na mboga." Nikachomoa elfu tatu. Akazitazama, akanitazama.

"Kazi njema, parsimonious."

Na katamka vizuri kuliko mimi.