Izumo, nchi iliyovutwa kwa kamba

Saa moja usiku, ufukwe wa Inasa, Izumo, nchini Japani. Upepo wa Bahari ya Japani ulikuwa unauma masikio, na umati wa watu ulisimama mchangani kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona penye watu wengi kiasi kile. Moto uliwashwa. Makuhani waliovaa nguo nyeupe wakageukia bahari, wakaisubiri miungu ije nchi kavu.

Ilikuwa siku ya kumi ya mwezi wa kumi kwa kalenda ya kale ya mwezi, ambayo kwa kawaida huangukia Novemba. Kwa jadi, sehemu nyingine zote za Japani huuita mwezi huo Kannazuki, mwezi usio na miungu. Izumo huuita Kamiarizuki, mwezi wenye miungu, kwa sababu yote imehamia huku. Inakutana kwa siku saba na kuamua nani atafungamana na nani katika mwaka unaokuja: ndoa, urafiki, hata ushirika wa kazi. Siku hizo wenyeji wenye kushika mila hupunguza nyimbo na kelele za ujenzi, wasiuvuruge mkutano.

Anayeiongoza miungu kutoka baharini ni nyoka. Kila mwaka, baridi inapoanza, mikondo ya bahari huwatupa pwani ya Izumo nyoka wa baharini wenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, na tangu zamani watu wamewapokea kama wajumbe. Mimi ni mtu wa Tanga, na jambo hili lilinigusa kwa namna ya pekee: nyoka wa aina hiyo hiyo hufika mpaka bahari yetu ya Afrika Mashariki. Kwetu ni nyoka mwenye sumu wa kukwepwa. Kule anawekwa juu ya meza ya sadaka.

Wageni wengi wa Japani huzungushwa Tokyo, Kyoto na Osaka, kisha wanapanda ndege kurudi kwao. Siwalaumu. Mkoa wa Shimane, ambao Izumo ni sehemu yake, uko upande wa pili wa milima, wakazi wake hawafiki 700,000, na treni ya usiku kutoka Tokyo huchukua saa kumi na mbili hivi. Lakini naamini kwa dhati kwamba anayetaka kuelewa namna hadithi inavyoishi na watu aanzie hapa. Na akifika, asianzie na hadithi maarufu.

Hadithi maarufu ni ile ya Susanoo. Imo katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712 katika kasri la watawala kule Nara. Susanoo, mungu aliyefukuzwa mbinguni, anashukia mto Hii na kumkuta mzee na mkewe wakilia na binti yao. Mabinti saba wameshaliwa na Yamata no Orochi, nyoka mwenye vichwa vinane na mikia minane, mrefu wa kufunika mabonde manane, miti imemea mgongoni na tumbo lake linavuja damu daima. Susanoo anaagiza mapipa manane ya pombe kali. Kila kichwa kinakunywa pipa lake, nyoka analala, anakatwakatwa, na ndani ya mkia wake kunatoka upanga.

Hadithi tamu kweli. Magharibi ya mkoa, huko Iwami, huchezwa kwa ngoma takatifu ziitwazo kagura: nyoka wa mianzi na karatasi wanajizungusha jukwaani wakitema moshi, na watoto wadogo wamekaa mbele kabisa wakiangalia bila kupepesa macho.

Ila nilichojifunza kule kikabadilisha safari yangu ni hiki. Mwaka 733 watu wa Izumo waliandika kitabu chao wenyewe kuhusu nchi yao, Izumo no Kuni Fudoki. Serikali iliagiza kila jimbo liandike chake, na hicho peke yake ndicho kilichosalia karibu kizima. Ndani yake nyoka wa vichwa vinane hayumo. Hadithi inayofungua kitabu ni nyingine, ambayo nayo haimo katika Kojiki.

Inasema kwamba Izumo ilipoumbwa ilikuwa nyembamba kama ukanda wa kitambaa. Mungu Yatsukamizu Omitsuno akaitazama, akaona haitoshi. Akaangaza ng'ambo ya bahari mpaka Shiragi, huko Korea, akaona rasi iliyozidi. Akaikata, akaifunga kwa kamba ya nyuzi tatu, akaivuta polepole, kama watu wanavyovuta mashua mtoni, akiita: "Kuni ko, kuni ko." Njoo nchi, njoo nchi. Alifanya hivyo mara nne, na vipande alivyovivuta ndivyo rasi ya Shimane ya leo. Kigingi cha kwanza alichofungia kamba ni mlima Sanbe, na kamba yake ni ufukwe mrefu wa Nagahama. Kigingi cha pili ni mlima Daisen, wenye mita 1,729, na kamba yake ni ukanda wa mchanga wa Yumigahama. Siku ya anga safi, Daisen unaonekana kutoka mji wa Matsue. Nilisimama kando ya ziwa nikautazama kwa muda mrefu.

Tofauti ya vitabu hivyo viwili naiona kubwa. Kasri la Nara lilipoieleza Izumo lilisimulia nchi ya jitu la kutisha, kisha nchi iliyosalimu amri: Okuninushi, bwana wa Izumo, anaukabidhi utawala kwa wajumbe wa mbinguni papo hapo ufukweni Inasa, na sharti lake ni ajengewe nyumba kubwa mno. Izumo ilipojieleza yenyewe, ilisimulia mzee mwenye kamba anayewatafutia watu wake mahali pa kukaa. Sisi ambao nchi zetu ziliandikwa kwanza na wageni tunaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Na hiyo nyumba aliyoahidiwa Okuninushi ipo. Ni hekalu la Izumo Taisha. Jengo kuu la sasa ni la mwaka 1744, lina kimo cha mita 24, lakini mapokeo yalidai kwamba zamani lilifika mita 48. Kulikuwa na mchoro wa kale unaoonyesha kila nguzo ikiwa ni magogo matatu yaliyofungwa pamoja, na wengi waliona ni chumvi ya wasimuliaji. Mwaka 2000, uani mwa hekalu, zikachimbuliwa nguzo zenyewe: magogo matatu ya mti wa sugi yamefungwa kuwa nguzo moja yenye upana wa mita 3 hivi, ya karne ya 13. Urefu wa jengo bado unajadiliwa. Magogo hayajadiliwi tena.

Kabla ya hapo, mwaka 1984, huko Kojindani, watu waliokuwa wakichunguza ardhi ili barabara ya mashambani ipite walikuta panga za shaba nyeusi 358 zimelazwa safu kwa safu, nyingi kuliko zote zilizokuwa zimepatikana Japani nzima hadi siku ile. Ziko katika jumba la makumbusho jirani na hekalu. Nilikaa mbele ya kioo mpaka mlinzi akaja kunionyesha saa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni milima ya Okuizumo, kwenye chanzo cha mto Hii. Mchanga wa huko una chuma, na kwa karne nyingi watu waliuyeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo zinazoitwa tatara. Wapo wanaosema tumbo la Orochi linalovuja damu ni mto wenyewe, mwekundu kwa chuma, unaofurika na kubeba watoto wa watu. Mimi naikubali tafsiri hiyo, maana upanga kutoka mkiani unapata maelezo yake. Kazi ya tatara ilikufa baada ya Vita vya Pili, ikafufuliwa mwaka 1977, na hadi leo kila majira ya baridi tanuri huwashwa usiku na mchana kwa siku tatu ili wafua panga wapate chuma chao. Miaka ya 1970 hiyo hiyo, wazee wa Buhaya, Kagera, walijenga tena tanuri kwa kumbukumbu tu na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Okuizumo walipata wanafunzi wa kuwarithi. Buhaya haikuwa hivyo, na niliondoka milimani nikiwa na uchungu huo.

Kwa anayepanga safari, nasisitiza adabu. Kwingine Japani mbele ya hekalu kwa kawaida watu hupiga makofi mawili. Izumo Taisha ni kuinama mara mbili, makofi manne, kisha kuinama mara moja. Kwenye ukumbi wa kagura inaning'inia kamba ya mabua ya mpunga yenye urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito wa tani zaidi ya 5, iliyosokotwa kwa mikono na watu wa mji wa Iinan. Utaona wageni wakiirushia sarafu ili zinase kwenye ncha zake. Tafadhali usifanye hivyo. Hekalu halitaki, na sarafu zinaiharibu kazi ya mikono mingi.

Badala yake pita kwanza Inasa, uchote mchanga kidogo. Uupeleke mpaka hekalu dogo la Susanoo lililoko nyuma ya jengo kuu, uuache hapo katika kisanduku, nawe uchukue kiasi hicho hicho cha mchanga uliowekwa na waliokutangulia. Wenyeji huunyunyiza pembeni mwa nyumba au shambani. Wangu uko ndani ya kikopo, dirishani, na kaka yangu wa Tanga ameshaniambia nikija nimletee nusu.